Kumbuka Salumu

Jumatatu asubuhi, mvua za El Nino zikiwa zimekatika na kuiachia Chang'ombe mashimo yake, Apolonia alikuwa amepiga magoti kwenye chumba cha kompyuta cha kiwanda cha sabuni, akisugua meno ya kipande cha memori kwa kifutio cha penseli. Alisugua taratibu, akapuliza, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, kisha akakirudisha mahali pake mpaka vishikizo vikalia. Akabonyeza kitufe cha kuwashia.

Mashine ikahesabu. Maandishi meupe yalipanda kwenye skrini nyeusi hadi yakafika megabaiti mia mbili hamsini na sita, ambazo ndizo zilizokuwamo. Halafu Linux ikaamka, nayo ikasema imeona sitini na nne tu.

"Bado?" aliuliza Zubeda, katibu muhtasi, akiwa amesimama mlangoni na kikombe.

"Bado."

"Vichwa viwili na haijui kuhesabu! Kama mjomba wangu na mkewe."

Mashine ilikuwa ya mitumba. Ilikuwa imetumika katika ofisi fulani huko Dubai, ikaletwa kwa meli pamoja na majokofu, ikanunuliwa na mkurugenzi wa kiwanda, Bwana Godlisten, aliyeambiwa kwamba mashine yenye prosesa mbili hufanya kazi ya mashine mbili na kula umeme wa moja. Kiwanda kilipokuwa mali ya umma, Godlisten alikuwa meneja wake. Kikauzwa, naye siku iliyofuata akaketi kwenye kiti kilekile, ila sasa kiti kilikuwa chake. Alimwajiri Apolonia, msichana wa Tabora aliyekuwa ametoka Mlimani na shahada yake juzijuzi, kwa sababu Apolonia alimweleza kwamba uko mfumo unaoitwa Linux ambao mtu halipii leseni. Bosi alilipenda neno bure.

Chumba cha kompyuta kilikuwa zamani chumba cha boila. Kilichaguliwa kwa kuwa kuta zake ni nene na baridi ya kiyoyozi haipotei. Vigae vyeupe vilibandikwa sakafuni na kuta zikapakwa rangi mara mbili. Mahali aliposimama Salumu pana doa lenye umbo la bega, na lilipojitokeza tena juu ya rangi mpya, mafundi walisogeza kabati mbele yake.

Salumu alikuwa fundi boila. Asubuhi aliyokufa alimwambia mkurugenzi kwamba valvu ya usalama imekufa na boila isiwashwe mpaka ipatikane nyingine. Mkurugenzi, akiwa na lori lililokuwa likisubiri mzigo, alisimama kwenye ngazi ya chuma akamwambia awashe. Salumu akawasha, boila ikalipuka. Baadaye mkurugenzi alimweleza mkaguzi wa viwanda kwamba fundi alikuwa amelewa. Salumu alikuwa Mzaramo wa Chanika, mtu wa swala tano, ambaye tembo la mnazi alilijua kwa kuliona likipita vichwani mwa wauzaji.

Mkaguzi aliwauliza wafanyakazi. Theonest, mhasibu, alisema alikuwa ndani ya ghala. Zubeda alisema alikuwa anachapa, na taipureta ina kelele. Hakuna aliyesema Salumu alilewa, na hakuna aliyesema hakulewa. Mkaguzi akafunga faili, na mkurugenzi akaagiza kibao kikubwa kisimikwe getini, herufi nyekundu juu ya nyeupe: USIJE KAZINI UMELEWA. KUMBUKA SALUMU.

Kibao kilisomeka tangu barabarani. Wazazi wa kijana Mudathir, waliokuwa wamepeleka posa kwa Farida, binti wa Salumu, walikisoma wakipita. Walikuja Tandika, nyumbani kwa marehemu, kurudisha maneno yao kwa adabu, wakakaa nusu mkeka, wakaondoka bila kunywa maji. Tangu hapo Mwanabaraka, mjane wa Salumu, alikuwa na haja moja tu duniani: kibao kishuke, na aliyekiandika aseme kwa kinywa chake kwamba Salumu hakuwa mlevi. Alikuja getini mara nyingi. Kila mara aliambiwa bosi yuko kwenye kikao.

Apolonia alimjua Salumu tangu akiwa mwanafunzi, alipokuja kiwandani kwa mafunzo ya vitendo. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu zama za misafara ya pembe, na Salumu hakumwita jina lake hata siku moja. "Mpagazi wangu kafika," alisema kila akimwona. "Mzigo wangu umeutua wapi?" Naye Apolonia alimjibu, "Nimeutupa Kibaha. Wewe endelea kucheza ngoma." Msibani Tandika alitimiza wajibu wa mtani. Alivaa kofia ya marehemu, akatembea mbele ya wanawake huku ameinama upande kama yeye, kisha akalala mlangoni jeneza lilipotaka kutoka, akasema maiti aamke ajibebe mwenyewe, maana Wanyamwezi wamechoka kuwabebea. Watu walicheka. Mwanabaraka alicheka mpaka akaweza kulia. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Hakuna anayemkasirikia, lakini utani haukai upande mmoja: mtani akikutania, siku moja lazima umlipe.

Juu ya memori, Apolonia alijaribu kila alichojua. Alibadilishana vipande nafasi. Aliwasha kwa kipande kimoja kimoja, na kila kimoja kilionekana kizima. Aliingia kwenye mipangilio ya mashine, akazima kila kilichodai kutenga nafasi kwa ajili ya mifumo ya zamani. Sitini na nne. Mwishowe alielewa kwamba vipande havina kosa. Linux, ikiamka, huiuliza ile programu ndogo iliyochomwa ndani ya bodi kwamba mna memori kiasi gani. Iliuliza kwa njia ya zamani, na jibu la njia ya zamani halikuwa na nafasi ya kupita sitini na nne. Programu haikudanganya. Ilisema hadi pale ilipoweza kufika, ikanyamaza.

"Kama sie na mkaguzi," alisema Theonest alipoelezwa, akaendelea kujumlisha.

Dawa ilikuwa kuiambia. Apolonia aliandika mstari mmoja kwenye faili inayoongoza uamshaji, mem=256M, na Linux ikaona zote. Akaunda upya kiini chake ili prosesa ya pili nayo itambuliwe, maana mpaka siku hiyo ilikuwa imekaa tu ikipata joto. Kazi ikawa imekwisha. Jambo moja tu alilihifadhi kichwani kama tahadhari: mashine ya namna hii haijijui. Mtu huiambia ina nini, nayo huamini. Ukiitajia zaidi ya ilichonacho, itakwenda kuandika mahali pasipokuwepo, na itafia hapohapo.

Ilikuwa siku ya hitima ya mwaka ya Salumu. Tandika walikuwa wakisoma, na Apolonia hakupewa ruhusa ya kwenda. Alikaa kwenye baridi ya kiyoyozi akalitazama kabati. Mtani asiyefika hitimani hana budi kufanya kitu.

"Haya, mcheza ngoma," alisema. "Leo mpagazi ni wewe. Beba."

Akaongeza kumi na sita ambazo hazikuwepo, ikawa mem=272M, akawasha mashine upya, kidole kikiwa tayari juu ya kitufe. Alitegemea ife, acheke kidogo, kisha arudishe tarakimu ya kweli.

Haikufa. Iliamka ikasema imeona mia mbili sabini na mbili. Apolonia aliipa kazi nzito ili memori ijae yote. Ikajaa mpaka ndani ya zile kumi na sita ambazo hazikununuliwa na mtu yeyote, na kila kilichowekwa humo kilirudi kizima. Alipima tena, jibu likawa lilelile. Aliondoa kidole kwenye kitufe akaenda kula mihogo.

Kesho yake, kwenye vituo vya ofisini vilivyounganishwa na mashine, kazi ilikwenda haraka kuliko siku zote. Kabla ya chai Theonest aliinua kichwa kutoka kwenye skrini yake.

"Valvu ya kulia imekufa," alisema. "Isiwashwe."

"Tangu lini Mhaya wa mahesabu ukajua valvu?" aliuliza Zubeda.

"Tangu saa tatu. Nimekaa hapa, nikakumbuka. Ukiigonga inatoa sauti ya debe lenye mchanga. Geji inapanda, yenyewe imelala." Alivua miwani akaipangusa. "Nimejikumbuka na mimi. Nimesimama mlango wa ghala. Nje, si ndani."

Zubeda aliacha kuchapa. "Mie nimekumbuka mgongo wa mama Farida," alisema. "Kainama anamimina chai kwenye chupa, alfajiri. Tangawizi kali, imenikwangua koo. Halafu nikakumbuka nipo chini kule kwenye boila, nasikiliza huku ofisini. Taipureta yangu ilikuwa imenyamaza. Nilikuwa sichapi."

"Hukuwa unachapa."

"Nilikuwa nasikiliza ngazini."

Wakarudi kwenye kazi. Barua za Zubeda zilitoka bila kosa, na hesabu za Theonest zilioana kwa mara ya kwanza mwezi ule.

Apolonia aliketi mbele ya mashine, naye akakumbuka msichana mwembamba akiingia getini ndani ya ovaroli iliyomzidi, mikono ya nguo imekunjwa mara tatu, uso wote ukijitahidi. Ilimchukua muda kujitambua. Kwenye kumbukumbu ile mlikuwamo kicheko, na chini ya kicheko huruma, kama ya mzazi anayeona mwana wa mwenzake akivuka barabara. Bega lake la kulia liliuma jioni nzima, mahali pa mzigo. Akajua amelipwa utani wake.

Mkurugenzi aliketi kwenye kituo chake saa nne ili atazame mauzo. Alikumbuka amesimama chini, joto likimpiga mgongoni, akitazama juu kwenye ngazi ya chuma. Juu alikuwapo mwanamume mwenye tai. Aliuona upande wa chini wa kidevu cha mtu yule, ambao ulinyolewa vibaya, akalisikia neno lake: "Washa. Ukiogopa moto, rudi Chanika ukaangue nazi." Alikumbuka mkono wa kushoto ukishika gurudumu la valvu. Alimaliza kusoma mauzo, ambayo yalikuwa mazuri. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umetoka malengelenge kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Akamtuma Zubeda vaselini, kisha akamwita Apolonia.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Nimeambiwa mashine ina memori zaidi ya niliyonunua."

"Ndiyo, bosi. Kumi na sita zaidi."

"Zimetoka wapi?"

"Ni za Salumu."

Mkurugenzi alipaka vaselini kidole kimoja kimoja. "Tunazilipia?"

"Hapana, bosi."

"Basi ni faida." Alifunga kifuniko cha kopo. "Lakini zinaunguza. Ondoa kinachounguza, acha nafasi."

"Ni kitu kimoja, bosi. Nikifuta ule mstari, anaondoka na nafasi yake. Mashine itarudi ilivyokuwa." Apolonia alivuta pumzi. Alikuwa bado na umri wa kuamini kwamba mtu akioneshwa kitu sawasawa atakiona. "Ila ipo njia nyingine. Kibao cha getini kikishuka, na bosi ukisema kwamba hakulewa, nadhani kuunguza kutaisha. Hana neno jingine. Hata mkaguzi huna haja ya kumwita. Mwambie mama Farida tu."

"Hakulewa?" Mkurugenzi alimtazama bila hasira. "Binti, mimi nilikuwepo. Nimetoka kuwepo sasa hivi tena, mara ya pili. Kinywani hakuwa na kitu zaidi ya tangawizi. Lakini kibao kimeshaandikwa." Akarudi kwenye mauzo. "Nipigie hesabu, bila yeye tunapoteza kiasi gani."

Apolonia alipima. Bila Salumu, oda za wiki zilichukua siku nzima kuchakatwa na vituo viliganda Zubeda akichapa huku Theonest akijumlisha. Akiwemo, prosesa ya kwanza ilifanya kazi za ofisi, na ya pili, ambayo hakuna aliyeipangia kazi, ilizibeba zote zilizobaki bila kupumzika. Tangu siku ya utani mashine haikuganda hata mara moja. Aliandika alichokiona, kwa sababu hakujua kuandika kisichokuwepo, ukiacha ile mara moja. Mkurugenzi alisoma akasema abaki.

Jumamosi Apolonia alikwenda Tandika. Mstari alikuwa ameuandika yeye, lakini kilichokuwamo kilikuwa cha familia. Farida alikuwa uani anachambua mchele. Mwanabaraka aliketi kibarazani akimenya tangawizi kwa ncha ya kijiko.

"Karibu, mpagazi. Leo umebeba nini?"

"Nimembeba mumeo, mama Farida."

Alimweleza yote. Mwanabaraka alimenya huku akisikiliza, na habari ilipofika kwenye malengelenge alisimamisha kijiko.

"Mkono upi?"

"Wa kushoto."

"Ndio huohuo. Nilimwosha mimi na kaka zake, nilimmwagia maji kwenye ngozi ambayo haipo." Akaendelea kumenya. "Bosi wako anaumwa sana?"

"Anaumwa kila akifungua skrini. Na anaifungua kila siku."

"Alhamdulillahi."

"Mama Farida, nimekuja kukuuliza. Naweza kumtoa. Ni kufuta herufi chache tu. Nafikiria labda anataka kupumzika."

"Roho yake iko kwa Mola wake. Mwili nimeuzika Chanika, roho nimeisomea, sina deni nayo. Kilichobaki huko kwenu si roho. Ni haki yake." Aliinua macho. "Usimtoe. Mie sitaki bosi wako afe, nani kakwambia nataka afe? Akifa nitamdai nani? Nataka kila asubuhi ajione kwa macho ya Salumu. Nataka aungue mpaka aseme. Akisema, tutamtoa mie na wewe, na nitapika pilau."

"Na asiposema?"

"Si ataungua?"

Farida alisema kutoka uani, bila kugeuka, "Mama, mchele una chuya nyingi." Wote wawili wakamtazama mikono.

Jumatatu malengelenge ya mkurugenzi yalikuwa yamefika begani. Alichoka, na mtu aliyechoka hujaribu mambo. Aliamuru vipande vyote vinne vya memori vitolewe na vifungiwe ndani ya droo, aone kama mashine itathubutu kuamka ikiwa tupu. Apolonia alivitoa. Mashine isiyo na memori hulia tu, haiamki. Hii haikulia. Ilihesabu hadi kumi na sita, ikaendelea kuwaka. Siku ile hapakuwa na kitu kingine ndani yake isipokuwa Salumu. Theonest alipofungua hesabu aliikuta asubuhi ileile kila ukurasa. Zubeda alichapa barua ya kwa wakala wa Morogoro na kila akibonyeza herufi alisikia taipureta ya siku ile ikiwa imenyamaza. Kufikia adhuhuri ofisi nzima ilikuwa imevua viatu, kwa sababu sakafu ilikuwa ya moto, na Theonest alikuwa analia huku anajumlisha.

"Si ulisema ulikuwa ghalani?" Zubeda alimwambia.

"Na wewe si ulikuwa unachapa?"

"Twende basi kwa mkaguzi. Mie na wewe."

"Twende," alisema Theonest. Alitazama mlango. Alikuwa na watoto wanne shuleni, na viwanda vingine vya barabara ile vilikuwa vimefungwa makufuli. "Twende wiki ijayo."

Mkurugenzi aliamuru vipande virudishwe. Wiki iliyofuata Zubeda na Theonest hawakwenda kwa mkaguzi.

Malengelenge hayakuvuka bega. Yaliishia pale yalipoishia ya Salumu, na mkurugenzi akayazoea. Alishonesha mashati yenye mkono mpana upande wa kushoto. Ila kilimbakia kitu kingine. Alianza kunuka tangawizi. Hakuwa amewahi kuipenda, lakini kila alipofungua kinywa ilitoka, kali, ya kukwangua koo, ya chupa iliyofungwa alfajiri. Benki walimpa mkono wakauliza kama ana mafua. Kanisani Mbezi Beach, aliposimama kusoma somo, safu ya mbele ilipiga chafya. Na kiwandani kila mtu aliyepita karibu naye aliijua harufu ile, kwa kuwa wote waliokuwepo siku ya ajali walikuwa wameinusa juu ya ovaroli ya marehemu walipombeba, wala hawakunusa kingine. Mkurugenzi akiongea, ushahidi ulitoka kinywani mwake kabla ya maneno.

Mafundi wa kiwandani walianza kusimama karibu naye zaidi ya ilivyohitajika. Walimsabahi kwa salamu ndefu ili ajibu. "Habari za nyumbani, bosi? Za watoto? Za mifugo?" Naye alilazimika kujibu, na wao walivuta pumzi, wakatazamana, wakaenda zao.

Apolonia aliona kwamba sasa saa imefika. Aliamini mtu hawezi kubeba ukweli kinywani siku nzima asiuteme. Alimtazama mkurugenzi kila asubuhi akipita getini, akisubiri asimame mbele ya kibao.

Mkurugenzi alifikiri kwa namna yake. Ikiwa watu wote wananuka tangawizi, hakuna anayenuka tangawizi. Alitoa tangazo kwamba kuanzia mwezi ujao wafanyakazi wote watapewa chai ya tangawizi saa nne, kwa ajili ya afya. Wapishi wa kantini walijaribu. Chai yao ilikuwa laini. Watu walikunywa, na harufu ya mkurugenzi ikabaki peke yake juu ya harufu zao kama mafuta juu ya maji. Ikaagizwa tangawizi ya Tanga, ikaagizwa ya Kigoma, ikaongezwa pilipili manga. Haikuwa yenyewe.

"Yenyewe anaijua mtu mmoja," alisema Zubeda.

Basi Mwanabaraka alipokuja getini safari ile hakuambiwa bosi yuko kwenye kikao. Alifunguliwa. Aliingia amejifunga khanga mbili, akapita chini ya kibao bila kukitazama, akapelekwa hadi kwenye meza ya mkurugenzi.

"Nasikia unajua kupika chai," alisema mkurugenzi.

"Alikuwa akiipenda mume wangu."

"Nakupa kazi kantini."

"Nitaifanya," alisema Mwanabaraka. "Kwa sharti. Cha kwako nakuletea mwenyewe, na nasimama mpaka ukimalize."

Mkurugenzi alifikiria safu ya mbele kanisani. Akakubali.

Apolonia alimkuta kantini siku ya kwanza, akiponda tangawizi kwenye kinu kwa nguvu kuliko tangawizi inavyotaka. "Mama Farida, umekuja kumpikia?"

"Nimekuja kumuuliza. Getini nilikuwa simfikii."

Saa nne Mwanabaraka aliingia na kikombe, akakiweka mbele ya mkurugenzi, akasimama. Skrini ilikuwa wazi na mkono wa kushoto ulikuwa umevimba ndani ya shati pana. Mlango haukufungwa. Zubeda aliacha kuchapa, Theonest akaweka kalamu chini. Mkurugenzi alikunywa. Ilikuwa yenyewe, na machozi yalimtoka kwa ukali wake.

"Inalewesha, bosi?" aliuliza Mwanabaraka.

"Haileweshi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Haya," alisema Mwanabaraka, akachukua kikombe.

Tangu siku hiyo kiwanda kizima kinanuka tangawizi, hadi sabuni yenyewe, na wateja wa Morogoro wamesema wanaipenda hivyo. Mashine haijawahi kuganda. Ikiwashwa huhesabu mia mbili hamsini na sita, kisha hunyamaza kidogo, kisha huongeza kumi na sita, na Apolonia huwa anasimama pale anyamaze nayo. Mstari hajaufuta. Faili iko wazi, herufi ni chache, na kila Jumamosi hupita Tandika kuuliza. Kila Jumamosi Mwanabaraka humjibu kwamba bado hajapika pilau.

Farida hajaolewa. Mudathir alioa Bunju.

Mvua za masika zilipokwisha, rangi ya kibao ilikuwa imechujuka kwa maji hata neno la katikati halisomeki vizuri, na Apolonia alianza kuwa na matumaini. Asubuhi moja aliwasili akamkuta fundi rangi juu ya ngazi, kopo jekundu limening'inia kwenye ndoano, akipitisha brashi juu ya herufi zilezile kwa uangalifu wa mtu anayependa kazi yake. Mkurugenzi alikuwa amesimama chini akielekeza, mkono wa kushoto ameukunja kifuani.

"Hiyo U ya UMELEWA inene zaidi," alisema, na fundi rangi juu ya ngazi akapiga chafya.

Mwanabaraka alipita katikati yao akielekea kantini, tangawizi mbichi ndani ya pakacha. Alimsabahi fundi rangi, akamsabahi na mkurugenzi. Saa nne aliingia ofisini na kikombe, akasimama mpaka kikaisha, akauliza, akajibiwa kwamba haileweshi. Kupitia dirishani rangi nyekundu ilikuwa bado mbichi.

"Haya," alisema, akaenda kuponda ya kesho.